Ubalozini au ng'ambo: Glas na Correa

Kila mwanasiasa wa Amerika ya Kusini akinusa pingu, mabishano huanza upya: ajifiche ubalozini au apande ndege mapema?

Tuwachukue Waekuado wawili. Jorge Glas, makamu wa rais wa zamani, alikwishafungwa kwa rushwa ya Odebrecht, kampuni ya ujenzi ya Brazil. Desemba 2023 aliingia ubalozi wa Mexico jijini Quito. Bosi wake wa zamani, rais mstaafu Rafael Correa, alihamia Ubelgiji, nchi ya mkewe, mwaka 2017. Hukumu yake ya miaka minane ilimkuta huko 2020.

Kwa gharama, ubalozi unashinda: ni safari ya teksi tu. Ng'ambo kunataka fedha, makaratasi na, ikiwezekana, mke mwenyeji.

Uhakika ndio mtihani. Mkataba wa Caracas wa 1954 unatambua hifadhi ya ubalozini, ila si kwa makosa ya kawaida ya jinai, na hapo ndipo serikali inayomsaka mtu hung'ang'ania. Tarehe 5 Aprili 2024 Mexico ilimpa Glas hifadhi. Usiku uleule polisi wa Ekuado wakaruka ukuta wa ubalozi, wakamtoa. Mexico ikavunja uhusiano, lakini Glas akabaki gerezani. Correa hajaguswa, ingawa harudi kwao.

Hata hivyo, Ricardo Martinelli, rais wa zamani wa Panama, alikaa ubalozi wa Nicaragua zaidi ya mwaka, kisha 2025 akaruhusiwa kwenda Kolombia. Kwa hiyo aliyezuiwa kusafiri na mwenye serikali inayoogopa lawama, ubalozi unaweza kumfaa. Mwenye pasipoti mkononi, hesabu yake ni nyingine.