Modeli ya ndege ya kivita ya Kisovieti: ipi ununue kwanza

Kabla hujaangalia bei wala mchoro wa kwenye boksi, jua hili: ndege nyingi za kivita ambazo Wasovieti walirusha katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia zilikuwa za mbao. Alumini ilikuwa adimu, misitu ilikuwa tele. Ngozi ya bawa la La-5 au Yak, ndege zao mbili maarufu, ni plaiwudi iliyogundishwa, ikapigwa msasa, ikapakwa rangi hadi ikawa laini kama mlango wa kabati. Kwa hiyo seti nzuri, yaani boksi la vipande vya plastiki vya kuunga, ni ile yenye bawa laini. Ukiona kwenye picha bawa la Yak limejaa vitone vya ribiti, misumari ya kuungia mabati, mstari kwa mstari, aliyelichonga alikuwa anafikiria ndege nyingine. Mimi hiyo siinunui, hata ikishushwa bei nusu.

Nimezipanga hizi kwa kigezo hicho, pamoja na jinsi vipande vinavyoingiana. Kipimo cha 1/48 maana yake sentimita moja ya modeli ni sentimita 48 za ndege yenyewe, na 1/72 na 1/32 hesabu ni hiyohiyo.

1. Yak-3 ya Zvezda, 1/48

Zvezda ni kiwanda cha Lobnya, karibu na Moscow. Mabawa ya Yak-3 halisi yalikuwa mita 9.2 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo yako itafika sentimita 19 hivi: inatosha kuonyesha saa za chumba cha rubani, na bado inakaa kwenye rafu ya kawaida. Bawa ni laini inavyotakiwa. Ndani kuna injini. Kama unataka kuifunika, jaribu kila kipande bila gundi kwanza, maana kosa la nusu milimita kwenye fremu ya injini hutokeza mwisho kabisa, puani, kifuniko kinapokataa kukaa.

Nimeiweka ya kwanza pia kwa sababu ya historia yake. Marubani Wafaransa wa kikosi cha Normandie-Niemen, waliopigana upande wa mashariki pamoja na Wasovieti, walirudi kwao na Yak-3 zao, wakatua Le Bourget tarehe 20 Juni 1945. Ukipata stika zao, kofia ya rafadha unaipaka rangi za bendera ya Ufaransa: buluu, nyeupe, nyekundu. Inapendeza mno.

Jambo la kuzingatia: tangu 2022 kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje hazifanyi kazi kwenye maduka ya Urusi. Agiza kwa muuzaji wa nchi nyingine mwenye mzigo tayari.

2. Yak-1b ya Arma Hobby, 1/72

Kama hujawahi kuunga modeli hata moja, iruke namba moja, anza na hii kutoka Poland. Ni ndogo, sentimita 14 tu, na vipande vyake vinaingiana vizuri. Angalia nyuma ya chumba cha rubani: pale ndege halisi ilifunikwa kitambaa juu ya fremu, na wachongaji wameonyesha mvuto wake kwa upole bila kuzidisha mbavu. Yak-1 ndiyo aina aliyopigania Lidiya Litvyak, mwanamke aliyepotea vitani tarehe 1 Agosti 1943 akiwa na miaka 21. Mimi nilipojua umri ule, niliifanya kazi ya modeli hii polepole zaidi.

3. I-16 ya ICM, 1/32

ICM ni kiwanda cha Kyiv, Ukraine. Hii ni kubwa, sentimita 28, na ni ya mtu anayependa chumba cha rubani. Ndege yenyewe ni fupi na nene kama pipa, mwili wa mbao, mabawa ya kitambaa juu ya fremu ya chuma. Usikose kuutafuta mpini wa kupandishia magurudumu, upande wa kulia wa rubani. Alikuwa anauzungusha mara 44 kwa mkono ili magurudumu yapande, huku mkono wa pili ukishika usukani, na ndege ikiyumba juu chini kwa kila mzunguko. Upake mpini ule vizuri. Ndiyo ndege nzima ile.

4. La-5FN ya Zvezda, 1/48

Ni nzuri kama Yak-3, ila injini yake ya duara ina silinda 14 na mabomba mengi ya moshi. Nunua ukishamaliza modeli mbili. Rubani Ivan Kozhedub, aliyeangusha ndege 62, alirusha La-5FN namba 14 iliyolipiwa na mfuga nyuki wa kolkhozi (shamba la ushirika) aitwaye Konev, na maandishi ya kumkumbuka jamaa yake aliyeuawa vitani yako ubavuni. Stika zake zikipatikana, usizikose.

5. P-39 ya Eduard, 1/48

Hii ni ndege ya Marekani, lakini Wasovieti walipewa maelfu, na rubani wao Aleksandr Pokryshkin aliipigania. Nimeiweka mwisho kwa sababu moja tu: injini iko nyuma ya rubani, na gurudumu moja liko puani. Usipojaza risasi za kuvulia samaki puani kabla ya kufunga mwili, modeli itakalia mkia, na hapo hakuna dawa.

Rangi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Mpaka 1943 ndege za kivita zilikuwa kijani (AMT-4) na nyeusi (AMT-6) juu, buluu hafifu (AMT-7) chini. Kuanzia 1943 ikaja michoro ya kijivu mbili, AMT-11 na AMT-12. Nunua vikopo vyenye majina hayo badala ya kuchanganya mwenyewe. Watengenezaji wa rangi AK Real Colors na MRP wanavyo. MRP inataka brashi ya hewa (kifaa cha kupulizia rangi) na dirisha lililo wazi, na rangi zenye kiyeyushi kama hizo posta ya ndege huzikataa kwa kuwa zinawaka moto. Kama uko mbali na duka, chukua rangi ya Vallejo, ni ya maji na inakubali brashi ya mkono.

Na penseli ya rangi ya fedha! Kwenye La-5 yangu ya kwanza niliikwaruzia mabawa kila mahali fundi anapokanyaga, kama nilivyoona kwenye ndege za Kimarekani. Ilikuwa imekamilika, na ilikuwa uongo mtupu: plaiwudi haiwezi kung'aa kama alumini. Nilipiga msasa bawa zima, nikapaka upya. Mbao iliyochakaa huonyesha matope ya buti, rangi iliyopauka na vumbi, basi. Kung'aa kuache kwenye vifuniko vya injini tu. Penseli ile itumie kwenye P-39, ambayo kweli ni ya chuma.

Mwisho, kabla ya kulowesha stika, tazama nyota. Za mwanzo wa vita ni nyekundu tupu au zina ukingo mwembamba mweusi. Ukingo mweupe ulienea kuanzia 1943, na ndio unaokaa vizuri kwenye ile kijivu.