Maiki za kurekodia ngoma: tafuta iliyo kiziwi

Tulirekodi bendi sebuleni, mjini Lamu: dramu, udi na mwimbaji chumba kimoja. Nilipoifungua maiki ya mwimbaji peke yake, matoazi yalikuwa juu kuliko sauti yake. Kila nikimpandisha, nayo yanapanda naye. Tangu siku ile sinunui maiki bila kuuliza upande gani haisikii.

Namba moja kwangu ni Shure SM57, iliyo sokoni tangu 1965. Uziwi wake uko kisogoni kabisa, kwa hiyo kwenye snea, ile ngoma ya dramu yenye mlio mkali, kisogo hicho kielekeze kwa haihati, matoazi mawili ya kukanyagwa kwa mguu. Haitaki umeme wa volti 48 wa kutumiwa kwa waya, na ikianguka unaiokota mkaendelea. Ila za bandia zimejaa. Ya kweli ina gramu 284. Mimi hupita kwa sonara kuomba mizani. Hunicheka, lakini hupima.

Ya pili, Beta 57A, ya Shure pia. Sikio lake ni jembamba zaidi, hukata vizuri vya ubavuni. Lakini nyuma moja kwa moja husikia kidogo. Uziwi wake uko kwenye pembe, yapata digrii 120 kutoka mbele. Mtu hutoa pesa nyingi, kisha akailekezea toazi mgongo. Hapo bora angenunua ya kwanza.

Ya tatu, Sennheiser e604 ya kubana ukingoni, karibu na ngozi, bila stendi. Kwa tomu, zile ngoma nene za dramu, ni safi. Kwa ngoma zetu zilizowambwa kwa mambo, kibano hakipati pa kushika.

Kondensa, aina ya maiki yenye sikio kali inayotaka umeme ule, naiweka mkiani. Husikia kila kitu, hadi punda anayelia kichochoroni. Moja juu ya dramu yatosha.

Na kabla ya kutoa hata shilingi, sogeza maiki. Kutoka sentimita 20 hadi 10, ngoma hupanda kama desibeli 6, na sauti ya chombo cha jirani ibaki palepale. Kisha simamisha magodoro nyuma ya mwimbaji, maana ndiko maiki yake inakotazama, na kuta zetu za mawe na chokaa hurudisha kila kishindo. Mkeka haufui dafu.

Hela ikibaki, nunua stendi za chuma. Ya plastiki hulegea shingo katikati ya wimbo, maiki ikainama polepole, na kile kisogo ulichokipanga kwa nusu saa kikatazama boriti.