Miezi nane na laibrari ya muvi ya Majengo, uzoefu wangu

Wakuu salama? Nimekuwa mteja wa laibrari moja ya muvi, yaani kibanda cha kukopiwa muvi kwenye flashi, hapa Dodoma, upande wa soko la Majengo, kwa miezi nane sasa na nimeona niandike kidogo, maana kila mtu anauliza muvi gani kali ila hakuna anayeuliza hiyo muvi itachezaje ukifika nayo nyumbani. Jina la laibrari silitaji, dogo anayeuza tunaelewana na kuna sehemu nitamsema, sitaki kumharibia riziki.

Mimi nilihamia huku na ofisi, kazini ni Mtumba kwenye mji wa serikali, nyumbani Nkuhungu. Narudi saa moja usiku nina vumbi mpaka kwenye nyusi, upepo wa huku mnaujua, nguvu ya kwenda popote sina. Kwenye king'amuzi kifurushi kikikata ndio basi, na bando la kuangalia mtandaoni kila siku kwa mshahara huu ni kujitafutia presha. Kwahiyo flashi. Muvi moja jero, sizoni mnapatana kulingana na episodi, mimi kwa kuzoeana huwa naondoka na mzigo wa wiki nzima kwa buku mbili.

Ukifika pale ni kibanda kidogo, meza moja, kompyuta moja ina feni ya juu inayolia kama mashine ya kusaga, ukutani mabango ya muvi yamepauka na jua. Dogo anachomeka flashi yako, anakufungulia mafolda, Kikorea, Kituruki, Kihindi, Mkono, Katuni, Bongo, Zilizotafsiriwa, unachagua. Huduma ni ya haraka na dogo ana heshima, kwenye hilo nampa tisa ya kumi. Shida ni kwamba ukimuuliza hii ikoje, jibu lake ni moja tu, "hiyo hatari braza". Kila kitu hatari. Muvi ya mapenzi hatari, katuni ya samaki hatari. Nilikuja kugundua hajawahi kuziangalia, yeye kazi yake ni kukopi.

Wiki ya kwanza nilichukua muvi sita, nyumbani zikacheza mbili. Nne TV inatoa sauti, picha hamna, inaandika fomati haisapoti. Nikarudi moto, dogo akaniambia TV yangu mbovu. Nikaamini kwa siku kama tatu hivi mpaka jamaa mmoja wa IT ofisini akanifungua macho, akaniambia angalia jina la faili, ukiona x265 au HEVC ujue hiyo imebanwa kwa njia mpya zaidi, inachukua kama nusu ya nafasi ya ile ya zamani ya x264 kwa ubora uleule karibu, ndio maana wauzaji wanazipenda maana hadi disk yao inabeba nyingi, ila TV za zamani hazijui kuifungua. Yangu ni inchi 32 ya siku nyingi. Tangu hapo nikifika nasoma jina la faili kwanza kabla ya kusoma jina la muvi, na dogo siku hizi akiniona anasema mwenyewe "wewe nakupa za x264".

Kuna na ile ya picha ipo sauti hamna. Hiyo nayo nilidhani subufa imekufa, nimehangaika na waya mpaka saa sita usiku, kumbe sauti imerekodiwa kwa DTS, aina fulani ya sauti ya sinema, na TV yangu haiisomi. Dawa ni laptop yenye VLC, ile programu ya kuchezea video, na waya wa HDMI wa kuiunganisha na TV, VLC inafungua karibu kila takataka. Halafu ukitaka picha yenye ubora mkubwa, faili likizidi GB 4 flashi inalikataa hata kama ina nafasi ya GB 20, kwasababu imefomatiwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, na FAT32 mwisho wake kwa faili moja ni hapo. Dogo hilo hakulijua, alikuwa anawaambia wateja flashi zao feki. Wamama wa watu wamenunua flashi mpya bure.

Sasa tuje kwenye kopi za kuibia ukumbini, zile mtu kaingia sinema na kamera. Muvi imetoka juzi, dogo anakwambia ninayo, unachukua kwa pupa, ukifungua unaona picha imekaa mshazari, mtu anakohoa, dakika ya ishirini kichwa kinapita mbele kinaenda chooni, unakijua kichwa kile kuliko unavyomjua stelingi. Jamani subirini. Zamani huko Marekani muvi ilikuwa inakaa ukumbini karibu siku 90 ndio itoke ya kuangalia nyumbani, baada ya korona kampuni nyingi zimepunguza ikawa hata siku 45 au chini ya hapo. Mwezi na nusu unakushinda nini, wakati chumba cha pili hujamaliza kupiga lipu mwaka wa nne huu?

Na kabla hamjanishukia, ndio najua, kwenye hiyo jero mwenye muvi haoni hata senti. Nakumbuka CD za Bongo muvi enzi zile zinauzwa Part 1 na Part 2, unanunua ya kwanza stelingi yuko hospitali, unarudi tena dukani na hela nyingine, tulikuwa tunalalamika sana ila angalau mtu alikuwa anauza kitu chake, na kuanzia 2013 zikawa na stempu ya TRA kwenye kava unaona kabisa hii halali. Sasa hivi za Bongo sichukui kwenye flashi, nalipia, hiyo ndio amani niliyofanya na dhamira yangu. Za nje bado nafsi inagoma kidogo, Mungu anisaidie.

Ila hata halali nayo ina mambo yake. Shemeji yangu alirudi kutoka London akaniletea boksi la DVD za sizoni moja ya polisi, orijino kabisa, limefungwa na nailoni. Naweka kwenye laptop, inaniambia nichague ukanda. Kumbe DVD dunia imegawanywa kwa kanda, Uingereza ni 2, huku kwetu ni 5, na ile drive ya laptop inakuruhusu kubadilisha mara tano tu halafu inajifunga moja kwa moja. Mara tano! Yaani kitu umekinunua na hela yako unakuwa kama mpangaji. Mwisho nimeangalia kwenye deki ya Kichina ya jirani, ile ya bei chee haijali kanda wala nini, imecheza bila maswali.

Lakini lile boksi lilinifundisha kitu. Nikawa nasoma watu wa huko wanavyoandika kuhusu DVD na Blu-ray, nikaona wenzetu wanatenga. Wanaandika stori kivyake, halafu wanaandika picha ikoje, sauti ikoje, maandishi ya chini yapo ya lugha gani, ndani ya boksi kuna nini cha ziada. Muvi inaweza kuwa nzuri na diski ikawa takataka, wanasema wazi. Sisi tunaishia hatari. Toka siku hiyo nina daftari, sitanii, kila nikiangalia naandika mistari miwili mitatu, na dogo ameanza kuniuliza kabla hajawauzia watu.

Kwenye daftari sabutaito zina ukurasa wake. Lile faili la srt lazima liwe na jina lilelile la muvi, hata nukta ikipishana TV nyingi hazilioni. Na zikichelewa, mtu ameshakufa ndio maneno yake yanatokea, basi kwenye VLC ya kompyuta bonyeza G au H zinasogea kidogo kidogo mpaka zikae. Hii pekee imeokoa sizoni nzima ya Kikorea ambayo waifu alishaitukana.

Kikorea napendekeza kwa mtu mwenye kazi, nyingi ni episodi 16 za saa moja moja, zinaisha. Kituruki kaa chonjo. Kule kwao episodi moja inaonyeshwa zaidi ya masaa mawili, zikiuzwa nje zinakatwakatwa vipande vya dakika 45 hivi, ndio maana dogo anakuuzia 1 mpaka 120 na bado mama wa kijana hajajua kama yule binti ana mimba. Tulianza moja mwezi wa kwanza, ni kama kulima heka kumi kwa jembe la mkono.

Halafu zilizotafsiriwa. Hapa kuna ugomvi ofisini kwetu kila siku, vijana wa chuo wanasema ni ushamba. Mimi nimekulia kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyesha video mtaani, enzi Lufufu mtafsiri wa muvi ndio Lufufu, kwahiyo mnisamehe, nina upendeleo. Ieleweke tu ni vitu viwili tofauti, kuna kudabi kama zile za Kituruki za Azam, kila mhusika ana sauti yake na Kiswahili chake kimenyooka, na kuna dijei, mtu mmoja anaongea juu ya kila mtu, mume yeye, mke yeye, mbwa yeye, na katikati anakutania na kukusimulia mambo ambayo hayamo kwenye muvi kabisa. Dijei mzuri anajua kunyamaza. Hiyo ndio alama yangu ya kwanza kwenye daftari, kwenye sehemu ya huzuni alinyamaza au alitangaza duka lake? Kuna moja, baba anamzika mwanae, kimya, mvua inanyesha, jamaa anaingia "msisahau kuchukua kazi zetu kwa mawakala". Nilizima.

Ila kwa mtu asiyesoma sabutaito hakuna mbadala, na hapa namleta mama mkwe. Alikuja kutoka Mpwapwa mwezi uliopita kucheki mguu, akakaa wiki mbili. Mama ni Mgogo wa kale, asubuhi salamu ni mbukwenyi, jioni mlenda, na kumbe ni mpenzi wa picha kuliko mimi. Tukawa tunakaa sebuleni wote, mimi, waifu, watoto, mama kwenye mkeka kagoma kochi. Nikamwambia dogo nipe kitu kilichotafsiriwa cha kuangalia na wakwe, nimesisitiza, na wakwe. "Hiyo safi braza, ya familia kabisa, hatari."

Dakika arobaini safi kweli, stori ya mashamba, ndugu wanadhulumiana. Mara taa za chumbani zikapungua, yule dada akaanza kuvua koti, muziki ukawa ule muziki. Na dijei, ambaye alikuwa anaongea mfululizo tangu mwanzo, hapo ndio akaamua kunyamaza! Rimoti sijui iko wapi, mtoto kaikalia. Nikainuka kama nafuata maji, nikapitiliza nje, nikashusha meni swichi.

Giza. Nikarudi nasema umeme umekatika. Mama akachungulia dirishani, nyumba zote za jirani zinawaka. Ikabidi niseme aa, itakuwa Luku imeisha. Mama akafungua fundo la khanga palepale gizani, akatoa elfu tano, "Baba Neema, chukua baba, tusilale gizani kwa ajili ya hela". Ukikataa hela ya mkwe ni kosa, ukipokea ni dhambi. Nikapokea, nikatoka, nikasimama nyuma ya nyumba dakika kumi na ule upepo, nikarudi nikapandisha swichi. Sasa hizi TV zina tabia ya kukumbuka ulipoishia. Ilivyowaka ikaunganisha palepale, koti liko begani. Waifu akachomoa flashi kwa mkono kama anang'oa jino.

Kwahiyo kwenye daftari nimeongeza safu, "nani awepo sebuleni", na naijaza kwa macho yangu mwenyewe, dogo hapo nampa sifuri. Kwa ujumla laibrari naipa sita na nusu, na nitaendelea kwenda, sina pengine pa kwenda.

Mama tulimsindikiza stendi Nane Nane siku ya Jumamosi. Gari linaanza kutoka ananiita dirishani, nikajua ni mambo ya dawa za mguu. Akasema, "Baba Neema, ile picha ya mashamba hatukuimaliza. Ukiimaliza nipigie unihadithie lile shamba kachukua nani."

Nimeimaliza juzi peke yangu saa saba usiku. Bado sijapiga.