Maka pen zisizofutika, na kijana wa kaunta

Nyota sifuri. Naandika sasa hivi hasira zikiwa bado za moto, maana najijua, nikishapoa ntaanza kuwatafutia visingizio na wiki ijayo niko palepale nanunua fulskepu. Duka silitaji. Mji wetu huu wa Amu, yaani Lamu, ni kiganja, nikisema tu mlango wake una rangi gani basi nishawataja na nasaba yao.

Kisa chenyewe ni maka pen. Shule yetu walitubadilishia ubao, ule mweusi wa chaki ukatolewa tukapigiliwa mweupe unaong'aa mpaka unajiona sura, na tangu hapo mwalimu ndiye anayejitafutia kalamu, za shule zikiisha zimeisha, subiri muhula ujao. Sasa muhula huu, mapema tu, nkaingia dukani nkachukua pakiti nzima, nyeusi, bluu, nyekundu na kijani, na kwenye pakiti imeandikwa wazi ni za ubao mweupe, kuna hadi picha ya mkono unafuta. Nkalipa kwa M-Pesa, hata punguzo sikuomba, siku hiyo nlikuwa na furaha zangu.

Asubuhi yake nina Kiswahili na Gredi ya 5, mnyambuliko wa vitenzi. Nkaandika kwa herufi kubwa za kupendeza kabisa: piga, pigia, pigwa, pigana, pigisha, pigishana. Watoto wakasoma, wakanakili, kengele ikalia, nkachukua dasta nkapitisha. Wapi! Nkapitisha tena nkakaza mkono. Pigana iko vilevile, haijapungua hata nukta ya i. Nkajaribu leso, nkajaribu maji, nkatuma mtoto jikoni akaniletee sabuni ya vyombo, nkasugua mpaka bega likaniuma, ndiyo kwanza inazidi kung'aa. Mwenzangu wa Hisabati kasimama mlangoni na vitabu vyake anasubiri kuingia, akacheka akaniambia mwalimu leo umeandika wasia.

Basi ubao ukakaa na pigana yake siku na siku. Tunasoma Sayansi, mmeng'enyo wa chakula, pembeni pigwa, pigana. Hisabati, pigwa, pigana. Wale wavulana wa nyuma ndio wakapata hoja, mtu kakamatwa amemkaba mwenziwe shingo anaonyesha ubaoni, ati mwalimu si wewe ndiye umeandika. Na mwalimu mkuu akachagua siku hizo hizo kutuletea mgeni kutoka ofisi ya elimu, mgeni anasoma ubao, ananitazama, anasoma tena. Sikusema kitu. Ningesema nini.

Ndo nkarudi dukani. Na hapa mnisikilize vizuri maana pesa ya pakiti nishaisamehe, kalamu mbovu zinauzwa kila mahali, hata mwenye duka pengine naye kauziwa hivyo hivyo huko Mombasa bila kujua. Nilikwenda kwa upole kabisa. Kwenye kaunta hayuko ami mwenye duka, yule mzee ambaye ukiingia tu anakuuliza watoto hawajambo, wazee hawajambo, na kalamu anaifungua anaijaribu kwenye karatasi mbele yako ndipo akuuzie. Yuko kijana wake, simu mkononi, waya sikioni. Nkamtolea salamu. Akanijibu kwa kichwa. Kwa kichwa! Nkamwambia mwanangu, hizi kalamu mlizoniuzia si za ubao. Akasema, macho kwenye simu, "Si zimeandikwa za ubao."

Nkatoa ile nyeusi nkaiweka juu ya kioo cha kaunta. Ubavuni ina stika, na kona moja ya stika ilikuwa ishaanza kuinuka kwa jasho la mkono, nkaichuna kwa ukucha, polepole, makusudi, aone. Chini yake kuna maandishi mengine yamechapwa kwenye plastiki yenyewe, meupe, madogo: pamanenti, yaani wino wa kudumu. Nkachuna ya bluu. Pamanenti. Stika ya nyekundu ikachanika katikati lakini herufi za mwanzo zilitosha kwa mwenye macho. Nkazipanga zote tatu mbele yake na stika zake nkazibandika kwenye kioo hapo hapo, moja moja, na ujumbe wa M-Pesa nkamfungulia kwenye simu yangu asije akasema nimenunua kwingine.

Akaangalia. Kidogo hivi. Akasema, "We mama, labda ubao wenu ndio mbovu."

Nkamwambia ubao hauna kosa, soma hapa. Ndipo akatoa ule waya sikioni, heshima pekee niliyoipata siku ile, akasema kwa sauti duka zima likasikia: "Nyinyi walimu mmezoea vya bure. Mshahara ukichelewa mnakuja kujaribu maduka ya watu. Kitu kikishafunguliwa hakirudi."

Vya bure! Mimi! Tangu huu mtaala wa CBC uanze 2019 hakuna wiki inayopita mtoto hajaambiwa alete manila, alete krayoni, alete gundi, alete boksi la kiberiti tupu, na yule mtoto wa mvuvi anayekuja mikono mitupu kwa sababu kusi limekaza na babake hajashuka baharini, manila yake mnadhani inatoka wapi? Inatoka kwenye pochi ya huyu huyu mwalimu anayejaribu maduka ya watu. Raba nakata nusu nusu kwa wembe nagawa. Penseli za wasio nazo nanunua mimi, na nanunua kwako, mwanaharamu we, ningesema, lakini mzee namheshimu na maneno hayo sijalelewa nayo. Kulikuwa na bibi mmoja anachagua bahasha, akasema astaghfirullah, akaziacha bahasha zake kwenye kaunta akatoka.

Nami nkatoka. Nishafika kwenye kichochoro nasikia mtu ananiita mwalimu, mwalimu, nageuka ni yule binti anayepanga vitabu mule ndani, kashika maka pen moja, hii halali, ya ubao kweli, kainunua kwa pesa yake au kaitoa wapi sijui, akaniambia samahani mwalimu, akarudi mbio kabla hajaonekana. Nyota zote za duka lile mpeni binti huyu. Mnaona sasa, nilisema sifuri.

Kwa kalamu ile ndiyo nilisafishia ubao, na hii naieleza vizuri ili mwingine asiteseke. Wino wa kudumu hausikii maji kwa sababu umechanganywa na kitu mfano wa gundi kinachoshika ubao, na kitu hicho kinayeyushwa na spiriti, si sabuni. Kwa hiyo ama upate spiriti ya duka la dawa na pamba, au hata sanitaiza iliyobaki ya wakati wa korona kama ni ya spiriti kweli, ama uchukue maka pen ya ubao upite nayo juu ya yale maandishi herufi kwa herufi, ufute papo hapo kabla haijakauka. Vinatoka vyote pamoja, maana nayo ina spiriti ndani. Kabla ya hapo nilikuwa nishajaribu manukato. Haya yetu ya mafuta, ya kujipaka, hayafai kitu, ubao uliteleza ukanukia harusi na pigia iko palepale. Yanayofaa ni ya kupuliza. Robo ya chupa yangu ya Idi imeishia kwenye kitenzi piga, iliyobaki nikaificha, ndo yule binti akaniokoa na pigishana.

Na mtu asiniambie ati ungechagua vizuri. Mimi vitu vya kuandikia navichagua kuliko vitambaa, mume wangu shahidi, na mtu wa bara akiniletea orodha yake ya kalamu nzuri namwambia kwanza njoo ukae na hewa ya Amu mwaka mmoja ndo tuongee. Hewa yetu ina maji na chumvi. Klipu za karatasi ukizisahau kwenye faili unakuta zimechora kutu juu ya cheti cha mtoto wa watu. Rimu ukiifungua ukaiacha mezani, karatasi zinavuta unyevu zinajikunja, ukizipeleka kwa jamaa wa fotokopi zinakwama kwenye mashine na yeye anakulaumu wewe. Yangu ikishafunguliwa inakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, ile ya rangi, imeoshwa, na mchele kidogo umefungwa kitambaani chini. Watoto nyumbani wanajua ndoo ile hailoweki nguo.

Kalamu kwangu ni Bic ya bluu, basi. Zile za jeli zinaandika laini nakubali, lakini mtoto mwenye mkono wa jasho akiburuta kiganja mstari mzima unakuwa wingu, na watoto wa hapa mikono yote ni ya jasho kuanzia kaskazi mpaka mvua. Bic inakauka papo hapo. Na kile kitobo juu ya kifuniko si urembo, kimewekwa ili mtoto akimeza kifuniko hewa iendelee kupita, na mimi nina darasa la watafunaji, kifuniko kizima sijakiona miaka. Penseli HB kwa kuandika, B mbili kwa kuchora, zile ngumu za H zinachana karatasi za daftari zetu hizi nyepesi. Maka pen zilazwe zisisimamishwe, zikisimama wino unashuka upande mmoja halafu mnazitupa mnasema zimeisha.

Sasa neno la kuniuma mwenyewe. Kitu ninachokipenda kuliko vyote, ambacho nikihama nyumba nakibeba mkononi sikitii kwenye mzigo, ni stepla. Ya chuma, nzito, kijivu, imebanduka rangi pale panapokaa kidole gumba. Imefunga mitihani ya miaka na miaka, haijawahi kunikunjia pini hata karatasi zikiwa nyingi, mwaka ule imeanguka ngazini kutoka juu mpaka chini ikavunja kigae, yenyewe mzima. Stepla za plastiki wenzangu wanazonunua zinakufa kabla ya ripoti za muhula. Na hii niliinunua wapi? Duka lile lile. Aliniuzia ami, akaitia pini, akafunga karatasi mbili, akanionyesha kwa nyuma miguu ya pini ilivyolala sawa, akaniambia hii mwalimu utawaachia wajukuu.

Kwa hiyo haki ni haki, weka nyota moja, ya stepla. Mbili basi, na fulskepu zao hazina ubishi, hazijawahi kuja na ukungu, yaani katika maduka yote niliyopita kuanzia Mkunguni mpaka Langoni wao ndio wanaojua kuweka karatasi mbali na ukuta. Tatu ningewapa, wallahi ningewapa tatu, kama si lile neno. Mmezoea vya bure. Kila nikilikumbuka navua nyota moja. Nimeshavua zote mbili nikiandika mstari huu.

Ami nimesikia yuko kwa matibabu, hakai dukani siku hizi, na sijapeleka malalamiko kwake maana mgonjwa hapelekewi habari za mwanawe. Akirudi atayapata, na stika zile tatu nilizibandua nkaondoka nazo, ziko ndani ya bahasha.

Tatizo ni pini. Stepla yangu inakula 24/6, na kwenye boksi nimebaki na vipande viwili vitatu tu, na mitihani ndiyo hiyo inakuja. Maduka mengine yote wana zile ndogo namba 10, za stepla za mkobani, nimezunguka nimechoka. Nikiagiza Mombasa, mpaka basi lifike Mokowe na boksi lipande mashua lije huku, watoto washafunga shule. Kwa hiyo kesho namtuma mtoto wa jirani, boksi mbili, afungue aone kilichomo ndani kabla hajatoa pesa. Akimkuta kijana na simu yake aseme ni za babake. Akimkuta ami ndo aseme ni zangu.