Tuisheni ya jioni Likoni kwa askari wanaotaka ukadeti: nimelipia na nimeketi darasani

Nianze na hukumu, maana wengi mnasoma hapa mkiwa kwenye foleni ya feri. Kwa hesabu, darasa hili linastahili kila shilingi. Kwa Kiingereza, tafuta pengine. Na kwa kijana aliye jeshini anayejiuliza kama arudie KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari) ili aombe ukadeti, yaani mafunzo ya uafisa, au aache, sijaona mahali pengine Mombasa anapoambiwa ukweli kabla hajatoa pesa mfukoni.

Mimi ni mstaafu wa Jeshi la Wanamaji. Nilitoka na cheo cha sajini mwandamizi, na bado naishi Mtongwe, si mbali na lile geti nililoingilia na kutokea ujana wangu wote. (Msishangae hicho cheo. Wanamaji wa Kenya tunatumia vyeo vya nchi kavu: koplo, sajini, meja, kanali, hadi kamanda mwenyewe ambaye ni meja jenerali. Mabaharia wa manowari za kigeni wakitutembelea hukuna vichwa.) Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko kazini humo humo. Ana miaka 23, hajavaa hata utepe mmoja, lakini hamu yake ni Lanet. Kwa asiyejua, kuruta wa kawaida hufunzwa Eldoret. Kadeti anayesomea uafisa huenda Chuo cha Kijeshi cha Kenya pale Lanet, Nakuru, na akihitimu hutoka luteni usu. Kijana wetu Eldoret kashapita. Sasa anataka kuanza upya kwa mlango mwingine.

Mlango huo una kizingiti kirefu. Kuingia kama kuruta, D ilitosha. Kwa kadeti wa kawaida jeshi linataka wastani wa B, na humo ndani C+ ya Kiingereza, C+ ya hesabu na C+ ya somo moja la sayansi, na umri kati ya 18 na 26. Urefu wa mita 1.60 na kilo hazimsumbui mwenye sare, alishapimwa siku ile ya uwanjani. Kinachomsumbua ni cheti. Mpwa wangu alimaliza 2022 na B-, hesabu akapata D+. Hapo hata kama una medali, fomu haikuruhusu.

Darasa lenyewe ni chumba kimoja ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, upande wa Likoni, mwendo mfupi kutoka steji ya matatu za Ukunda. Bango hakuna. Uliza kwa wauza madafu, watakuonyesha ngazi. Mwenye darasa ni mama mmoja aliyefundisha hesabu shule za upili za pwani hadi akastaafu, na wote wanamwita mwalimu tu, hata sisi tuliomzidi umri. Wanafunzi wake wengi ni watahiniwa wa kibinafsi: wauguzi wasaidizi, mabawabu, kina dada wanaotaka chuo, na siku hizi askari wa kutoka kambini, ambao utawajua kwa nywele na kwa jinsi wanavyoketi wima.

Siku tuliyokwenda kujiandikisha, hakuuliza habari ya ada. Aliuliza kitambulisho na karatasi ya matokeo. Mbele yetu alikuwapo kijana mwingine wa sare, noti zake tayari ameshazikunja mkononi. Mwalimu akatazama kitambulisho, akamuuliza, "Umefikisha 26 lini?"

"Mwezi uliopita, mwalimu."

Akachora mstari kwenye daftari lake la mraba. Usajili wa watahiniwa hufanywa mapema mwaka, mtihani ni Novemba, matokeo hutoka kama Januari, na tangazo la kadeti huja baada ya hapo. Akaweka alama ya 27 kwenye mstari, kabla ya tangazo. "Kaka, pesa zako ziweke. Wewe njia yako ni digrii. Maafisa wenye taaluma huchukuliwa hadi 30. Ukirudia KCSE kwa ajili ya ukadeti, utakuwa umenilipa mimi tu." Kijana akasimama, akashukuru, akashuka ngazi na noti zake. Nimeishi na maafisa miaka mingi na ni wachache waliowahi kumwambia askari jambo gumu kwa adabu namna ile.

Zamu yetu ilipofika, alimwonyesha mpwa wangu kitu ambacho hata mimi sikukijua. Tangu KCSE ya 2023, wastani haukokotolewi kama zamani. Sasa wanachukua hesabu, lugha moja, halafu masomo matano uliyofanya vizuri zaidi. Alama ya B ni pointi 60 kwenda juu kati ya 84. Akapanga masomo ya kijana kwa mpangilio mpya, na ile historia na dini aliyokuwa ameng'aa ikapanda juu, na sayansi ya pili iliyomvuta chini ikaondoka kwenye hesabu. Ila akamwonya mambo mawili. Moja, ukirudia somo moja au mawili hupati wastani mpya, lazima yasipungue saba. Pili, mpangilio mpya unakusaidia kwenye B peke yake. C+ ya hesabu hakuna wa kukubebea. Na juu ya hayo, darasa la mwisho la 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa elimu, linafanya KCSE 2027, kwa hiyo maneno ya "nitarudia mwaka kesho kutwa" hayana nafasi.

Jambo la kujua: hapa si kituo cha mtihani. Anafundisha tu. Usajili unaufanya mwenyewe kwenye kituo kinachokubaliwa na baraza la mitihani, KNEC, na yeye atakukumbusha tarehe hadi umchoke.

Sasa hesabu. Niliomba kuketi nyuma, kwa kuwa mlipaji ni mimi, na sikukatazwa. Jioni moja ilikuwa zamu ya latitudo na longitudo, mada ya kidato cha nne inayowatoa watoto jasho. Mwalimu alikuja na nazi iliyofuliwa, amechora mistari ya chaki pande zote. Akatia nukta mbili. Hii Mombasa, hii Mahe kule Ushelisheli. Zote ziko karibu nyuzi 4 kusini, moja kwenye 40 mashariki, nyingine kwenye 55, kwa kukadiria. Umbali ni maili ngapi za baharini?

Ubaoni akaandika 15 mara 60 mara kosaini ya 4. Akageuka: "Kwa nini 60?"

Kimya. Halafu mpwa wangu, ambaye kwa kawaida akiwa darasani huwa kama amemezwa na dawati, akasema, "Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mwalimu. Na nyuzi moja ina dakika 60." Darasa zima likamgeukia. Hilo analijua kutoka kwenye chati, si kutoka shuleni. "Na kosaini ni ya nini?" Hapo akanyamaza naye. Mwalimu akachukua uzi wa cherehani, akauzungusha kiunoni mwa nazi, akaukata. Akazungusha mwingine juu, karibu na macho ya nazi, akaukata pia, akaviweka viwili sambamba juu ya meza. Wa pili mfupi. "Kosaini ndiyo inayoufupisha uzi. Kwenye nyuzi 4 karibu haukupungua. Kwenye nyuzi 60 unakuwa nusu kamili." Jibu likaja maili 898. Kwa mwendo wa noti 12, yaani maili 12 za baharini kwa saa, saa 75 hazitimii. Halafu akaongeza kwamba nyuzi 15 ni saa moja, ndiyo sababu jua la Ushelisheli linatangulia letu kwa saa moja. Mahe nimefika nikiwa kazini, saa ya mkono nikaisogeza mbele kama nilivyoamriwa, na hakuna aliyenieleza kwa nini.

Baada ya hapo akarudi kwenye karatasi ya mtihani, na hapa ndipo utaona kwamba anajua kazi yake. Karatasi mbili za hesabu, kila moja saa mbili na nusu na alama 100. Sehemu ya kwanza maswali 16 ya lazima yenye alama 50. Ya pili maswali manane, unachagua matano ya alama kumi kumi. Anawafundisha kuchagua. Mwanamaji, asema, asikimbie swali la longitudo likitokea, hilo ni la kwake. Kila wiki wanafanya karatasi nzima kwa saa, simu zote zimewekwa kwenye kapu.

Kiingereza ni habari nyingine. Anayefundisha ni kijana mpole, lakini anasoma nukuu zake kama tangazo la bandarini, na wanafunzi wananakili. Vitabu teule vimebadilika tangu mpwa wangu amalize, hivyo anavisoma upya kuanzia ukurasa wa kwanza, na darasani hamna mjadala wowote juu yavyo. Karatasi ya tatu ni insha. Insha zilikuwa zinarudi zimetiwa alama ya vema tu bila neno. Tumemtoa huko, anasoma kwa mwalimu mwingine nyumbani kwake, na nafuu imeanza kuonekana.

Sayansi, wanasoma biolojia na kemia. Maabara hawana. Jumamosi wanakwenda kwenye maabara ya kukodi, na siku hiyo kuna malipo ya ziada. Usiikwepe, karatasi ya tatu ya kemia ni ya vitendo na hakuna anayejifunza kushika bureti kwa kusimuliwa.

Kinachomfaa zaidi mwenye sare ni malipo. Unalipa kwa kipindi, shilingi 300 kwa somo, si kwa mwezi. Meli ikitoka, kijana hadaiwi. Na mwalimu humwachia maswali kwenye bahasha kwa dada wa M-Pesa pale chini, akirudi bandarini anayachukua. Kabla ya hapa tulipoteza pesa kwenye kituo kimoja sitakachokitaja, ambako tulilipa muhula mzima, na mwishoni jamaa mmoja pale akatunong'oneza kwamba kwa nyongeza anajua mtu wa "kumpitisha" kijana Lanet. Nikaondoka. Kila tangazo la jeshi linasema kuandikishwa ni bure, na askari anayekamatwa na biashara hiyo hapotezi ukadeti tu, anapoteza na sare aliyo nayo.

Mwalimu hajazi fomu za watu wala haandiki barua za kambini, na nampongeza. Aliye kazini ana njia yake: anawaarifu wakubwa wake kwanza, ombi linapita kwa mkuu wa kikosi, na faili lake la nidhamu linasomwa kabla ya cheti. Kwa hiyo wewe unayekuja darasani jioni, omba ruhusa. Kuna mmoja alikuwa akitoroka zamu kuja kusoma kosaini. Mwalimu alipojua alimrudisha kambini kwa boda usiku ule ule.

Kasoro nyingine ni za chumba. Feni ni moja na inazunguka ikitaka. Mwezi wa Februari shati linakushika mgongoni. Umeme ukikatika wanawasha taa za simu, jambo linalovumilika kwa hesabu, si kwa grafu. Choo ni cha dukani, na dukani hufungwa mapema kuliko darasa.

Vipindi ni Jumatatu hadi Alhamisi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni. Nenda na kitambulisho, karatasi ya matokeo, kalkuleta isiyo ya programu na kitabu cha majedwali. Risiti ya karatasi hawatoi, ni ujumbe wa M-Pesa tu. Mimi unanitosha, lakini kama kuna chama au mdhamini anayekulipia, zungumza na mwalimu kwanza.