Gango la Kifundo cha Mkono kwa Neva Iliyojeruhiwa: Tathmini Baada ya Miezi Minane

Kifaa ninachokitathmini ni gango la kifundo cha mkono, lile ambalo wauzaji wa vifaa tiba huliita saporti ya mkono: kitambaa kizito chenye sponji ndani, mikanda mitatu ya kunata, na ubapa wa aluminiamu uliotiwa mfukoni upande wa kiganja. Nililinunua kwa shilingi 40,000 wiki ya pili baada ya kuanguka na bodaboda na kuvunjika mfupa wa mkono wa kulia katikati ya bega na kiwiko. Mwanzoni nililivaa mchana na usiku, baadaye usiku tu.

Mfupa ulipovunjika, neva ya radiali, yaani mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya kuinua kifundo na kunyoosha vidole, iliumia pamoja nao. Neva hii ni tawi kubwa la mtandao wa neva unaoanzia shingoni, kwenye mizizi ya uti wa mgongo inayoitwa C5 hadi T1, unaopita nyuma ya mtulinga na kushuka kwapani kabla ya kugawanyika. Tawi hili huzunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu likiwa limeukaribia mno, na ndiyo sababu takriban mtu mmoja kati ya kila kumi wanaovunjika sehemu hiyo hupata ulemavu wake, wa muda au wa kudumu. Dalili hazifichiki: kiganja huning'inia, vidole havinyooki, dole gumba halinyanyuki, na ngozi ya mgongo wa kiganja baina ya dole gumba na kidole cha shahada hufa ganzi.

Kilichonishangaza ni kwamba misuli ya kufumba vidole, ambayo huendeshwa na neva nyingine, ilikuwa mizima kabisa, na bado sikuweza kushika chaki mbele ya wanafunzi. Msomaji anaweza kulihakiki jambo hili sasa hivi: akunje kifundo kuelekea chini hadi mwisho, kisha ajaribu kufumba ngumi kwa nguvu. Ataona vidole vimelegea, kwa kuwa kano za kufumba zimepoteza mvutano huku zile za nyuma zikiwa zimevutika hadi kikomo. Akikiinua kifundo kwa digrii 20 au 30, nguvu hurudi papo hapo. Thamani yote ya gango hili imo katika digrii hizo chache, na kwa kipimo hicho nililolinunua lilikuwa na kasoro tangu siku ya kwanza.

Saporti nyingi za madukani zimetengenezwa kwa watu ambao neva ya mediani, ile inayopita upande wa kiganja, imebanwa kwenye kifundo, na hao huhitaji kifundo kilichonyooka tu, si kilichoinuliwa. Muuzaji hakuniuliza nina tatizo gani. Alinihakikishia kuwa kifaa "kinarudisha neva", maneno ambayo hayana ukweli wowote, kwani gango hushikilia tu mkono wakati mwili unafanya kazi yake. Aliyeniokoa ni fundi wa vifaa vya viungo, mmoja wa wale waliosomea katika chuo cha TATCOT kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, ambacho kimekuwa kikifundisha kazi hiyo tangu mwaka 1981. Aliuchomoa ubapa, akaukunja taratibu kwa koleo huku akiupima kwenye mkono wangu, akaurudisha mfukoni. Kazi haikuzidi dakika kumi, na siku hiyo jioni niliandika jina langu kwa mara ya kwanza tangu ajali. Kwa hiyo, anayenunua ahakikishe kwamba ubapa unachomoka. Magango ambayo ubapa wake umeshonewa moja kwa moja hayafai kwa jeraha hili.

Kasoro ya pili ni urefu wa kitambaa, ambacho hufunika kiganja hadi karibu na mashina ya vidole. Kwa mtu anayekula kwa kijiko huenda si tatizo, lakini tonge la ugali halifinyangwi ndani ya sponji, na kulia kwa mkono wa kushoto mbele ya wageni sikuweza kujizoeza. Nilikuwa nalivua wakati wa kula na wakati wa kutawadha, kisha nalivaa tena. Jasho nalo lilinilazimu kulifua kila baada ya siku tatu.

Kasoro ya tatu haiwezi kulaumiwa kwa mtengenezaji: gango la aina hii haliinui vidole. Fundi yuleyule alinitengenezea jingine la plastiki inayolainika katika maji ya moto, lenye rababendi zinazovuta vidole juu kila ninapoviachia baada ya kufumba. Kwa kazi za mchana hilo ni bora zaidi bila ubishi, ingawa lilinasa katika mikono ya shati na liliwachekesha wanafunzi wa kidato cha kwanza kwa wiki nzima. Kwa kulalia halifai, na hapo lile la kitambaa lilistahili bei yake.

Gango lolote linahitaji subira na mazoezi. Neva inayoota upya husonga takriban milimita moja kwa siku, kwa hiyo sentimita kumi tu ni zaidi ya miezi mitatu, na katika muda wote huo viungo visiponyooshwa kwa mkono mwingine mara kadhaa kila siku hukakamaa, hata neva ikirudi ikute mlango umefungwa. Kwangu kifundo kilianza kutikisika wiki ya 15, vidole vikafuata, na dole gumba, ambalo kwa kawaida ndilo la mwisho, bado halijanyanyuka lote.

Sitalipendekeza kwa aliyeumia juu zaidi, kwenye mtandao wenyewe wa neva, kama inavyowapata waendesha pikipiki ambao kichwa husukumwa upande mmoja na bega upande mwingine. Huko mizizi huweza kung'oka kabisa kwenye uti wa mgongo, na mzizi uliong'oka haujiungi wenyewe. Mgonjwa huyo anamhitaji daktari bingwa ndani ya miezi ya mwanzo, kwa sababu misuli iliyokaa muda mrefu bila neva hunyauka na kupoteza uwezo wa kuitikia. Kutumia miezi hiyo kujaribu saporti za dukani ni kupoteza wakati asioweza kuurudisha.

Kuhusu uimara, kitambaa na ubapa vimedumu vizuri, ila mikanda iliacha kunata mwezi wa tano. Fundi viatu wa karibu na shule alinishonea mipya kwa shilingi 3,000, nayo inashika kuliko ile ya mwanzo.