Grisi za sili za kegi: msingi kwanza, alama ya H1 baadaye

Kegi ya chuma ya lita 19 ya kuwekea bia ya nyumbani ina oringi (pete za mpira za kuziba) tano: moja kubwa ya kifuniko, mbili za nje ya vichwa (cha gesi na cha bia), na mbili ndogo zilizofichika chini ya vichwa hivyo, zinazobana mirija ya ndani. Kila kichwa kina pia valvu yenye kampira kake. Wauzaji wa grisi za kazi hii huandika "salama kwa chakula" kwa herufi kubwa na kuishia hapo. Usalama huo ni wa mnywaji tu. Grisi isiyomdhuru mtu hata kidogo inaweza kuivimbisha oringi mpaka kifuniko kikatae kukaa, au ikaua povu la bia yote. Kwa hiyo swali la kwanza dukani ni msingi wa grisi yenyewe: silikoni, mafuta ya petroli yaliyosafishwa, au mafuta ya sanisi.

Alama ya H1 inasema nini

H1 ni daraja la vilainishi vya mashine ambazo huenda zikagusana na chakula kwa bahati mbaya. Si ruhusa ya kuvichanganya na chakula. H2 ni vya mahali ambapo chakula hakifiki kabisa, na kwenye kegi havina kazi. Madaraja haya yalianza chini ya Wizara ya Kilimo ya Marekani (USDA), ambayo iliacha kuyatoa mwaka 1998. Baada ya hapo NSF, shirika la viwango vya usalama, likashika usajili. Ndiyo maana kopo linalotamba kwa "USDA H1" bila namba ya usajili ya NSF linatakiwa kutiliwa shaka: ama ni la zamani sana, ama lebo imeandikwa kizembe. Namba ikiwepo, itafute kwenye orodha ya NSF mtandaoni. Utakutana pia na NSF 51, inayohusu vifaa vya vyombo vya chakula, na NSF 61, ya sehemu zinazogusa maji ya kunywa. Zote mbili zinafaa kwa kegi.

Kanuni ya Marekani iliyo nyuma ya H1 (21 CFR 178.3570) inaweka kikomo cha kinachoruhusiwa kuingia kwenye chakula: mafuta ya madini sehemu 10 kwa milioni, mafuta ya silikoni sehemu 1 tu kwa milioni. Piga hesabu kwa lita 19, yaani takriban kilo 19. Unapata miligramu 190 za mafuta ya madini na miligramu 19 za silikoni. Tone la grisi la ukubwa wa punje ya mchele lina kama miligramu 20. Ni kweli kwamba grisi haiingii yote kwenye bia, na si yote ni mafuta matupu. Hata hivyo, anayeizungushia oringi ya kifuniko grisi nene kama siagi ameshapita mbali na kile kilichokusudiwa.

Grisi ya silikoni

Kwa kegi nyingi hii ndiyo chaguo la kwanza, kwa sababu haigombani na nitrili wala EPDM, mipira miwili inayotumika zaidi kwenye oringi nyeusi. Haiyeyuki kwa maji, haikauki, na haichuruziki kegi ikikaa mahali penye joto. Molykote 111 ndiyo tunayoipa nafasi ya juu: ina NSF 51 na NSF 61, inahimili kutoka nyuzi joto -40 hadi 204 za Selsiasi, na ni nzito kiasi cha kubaki ilipopakwa. Kasoro yake kwa mtu wa kegi moja au mbili ni kwamba tyubu ya gramu 150 ni kubwa mno. Gawaneni na wenzako, au tafuta grisi ya mafundi bomba ya silikoni tupu yenye NSF 61. Zipo za vikopo vidogo na zinafanya kazi ileile.

Sifa hiyohiyo ya kung'ang'ania ndiyo ubaya wake. Mafuta ya silikoni ni kizuia povu. Yamo kwenye orodha ya viongeza vya chakula kwa namba E900, na watengenezaji bia huyatumia makusudi kwenye tangi la kuchachushia ili povu lisifurike. Kule yanashuka pamoja na hamira na kuachwa chini. Kwenye kegi hakuna hatua nyingine inayofuata, kwa hiyo kinachoingia kinaishia kwenye glasi. Bia ikimiminwa na povu likapotea ndani ya sekunde chache ingawa gesi ipo ya kutosha, mojawapo ya vitu vya kukagua ni grisi iliyorundikana upande wa ndani wa kifuniko. Kuiondoa si mchezo: maji ya moto peke yake hayatoshi, inabidi kufuta kwanza kwa karatasi kavu, kisha kuosha kwa sabuni ya alikali.

Isipakwe kabisa kwenye oringi ya silikoni, zile laini za rangi nyeupe, nyekundu au buluu ambazo watu huweka kwenye vifuniko vikaidi. Mafuta ya silikoni hupenya kwenye mpira wa silikoni na kuuvimbisha. Oringi inanenepa, inajikunja, na kifuniko hakirudi kwenye nafasi yake.

Grisi ya mafuta ya petroli

Haynes Lubri-Film na Petrol-Gel ziko kundi hili. Zinateleza vizuri na zinanata inavyotakiwa, na kwa anayesafisha kegi mara kwa mara zina raha moja kubwa: maji ya nyuzi 50 hadi 60 yenye sabuni ya alikali yanazitoa bila ugomvi. Kwa kegi yenye oringi za nitrili pekee, tunaziweka sawa na silikoni, na kwa urahisi wa kuosha tunazipendelea.

Tatizo ni EPDM. Mpira huo unanyonya mafuta ya petroli, unavimba na kulainika, halafu unachanika pale kiunganishi (kile kinachochomekwa kichwani kuleta gesi au kutoa bia) kinapopita. Na kwa macho EPDM na nitrili ni weusi uleule. Kama muuzaji hajui aina ya oringi zake, pima mwenyewe: kata oringi kuukuu vipande viwili, kimoja kitumbukize kwenye mafuta meupe ya madini, kingine kiache kikavu, weka mahali penye joto kwa siku mbili. Ukivilinganisha, kipande cha EPDM kitakuwa kimenenepa waziwazi. Cha nitrili hakitabadilika sana.

Mafuta ya mgando ya kupaka mwilini yapo kwenye familia hii, na watu huyatumia. Kwa dharura kwenye nitrili yanasaidia, mradi yawe ya daraja la dawa na yasiyo na manukato. Lakini yanaanza kuyeyuka kwa joto la karibu na la mwili wa binadamu, kwa hiyo kegi iliyoachwa juani huyapoteza yote.

Grisi ya sanisi yenye PTFE (plastiki ya kuteleza, maarufu kama Teflon)

Super Lube 21030, tyubu ya gramu 85, ina usajili wa H1 na ndiyo inayopatikana kirahisi zaidi. Wengi huinunua wakidhani ni ya silikoni kwa sababu ni nyeupe na inateleza. Siyo. Msingi wake ni mafuta ya sanisi ya PAO, ambayo kwa EPDM ni sawa na mafuta ya petroli: yanavimbisha. Kwenye nitrili haina neno, na kwa mlainisho ni kali kuliko zote tulizozitaja, hasa kwenye vichwa vinavyochomekwa na kuchomolewa kila siku. Kampuni hiyohiyo inatengeneza pia grisi ya silikoni. Soma lebo ya mbele na ya nyuma kabla ya kulipa. Na asiyetaka PTFE karibu na kinywaji chake, hiyo ni sababu tosha ya kuipita.

Vitubu vidogo vya gramu 28 vinavyouzwa kwa jina la Keg Lube havisemi msingi kwa jina hilo pekee. Kama lebo haitaji silikoni wala petroli, rudisha rafuni.

Vya kuacha kabisa: WD-40 na dawa za kupuliza za aina hiyo, grisi ya magari isiyo na usajili wa chakula, na mafuta ya kupikia. Haya ya mwisho yanashangaza watu, kwani yanaliwa. Lakini yanachacha, yanatoa harufu, na ni adui wa povu.

Kupaka

Funga mtungi wa gesi, vuta valvu ya usalama mpaka kegi inyamaze kabisa, ndipo ushike spana. Vichwa vingi vinafunguka kwa ya inchi 11/16 au 7/8; usichanganye cha gesi na cha bia, kwa sababu havitoshani vizuri na ukilazimisha utakula nyuzi za parafujo. Toa oringi, futa grisi ya zamani yote (imeshika uchafu), osha, kisha kunja kila moja kati ya vidole. Nyufa ndogo kama nywele, au upande uliobonyea ukawa bapa, ni dalili kwamba oringi imekwisha. Grisi haitaifufua.

Loweka oringi kwenye dawa ya kutakasa kabla ya kupaka. Ukipaka kwanza, grisi inakuwa koti la wadudu na dawa haifiki chini yake. Ikaushe, vaa glavu safi, na kwa oringi ya kichwa tumia tone moja la ile punje ya mchele. Ya kifuniko inatosha kwa matatu, yakisambazwa mpaka mpira ung'ae bila weupe kuonekana. Za mirija ya ndani zinahitaji chini ya tone zima. Valvu za vichwa ziache kavu, isipokuwa zikikwama.

Rudisha kifuniko, ingiza gesi mpaka psi 30 (psi ni kipimo cha presha) ili kijikalishe, kisha shusha hadi psi 10 au 12. Pulizia maji ya sabuni pande zote, katika chumba chenye hewa ya kutosha, maana hewa ya ukaa ikijaa sehemu iliyofungwa inaua. Mapovu katikati ya kichwa ni valvu. Mapovu kwenye nyuzi chini ya kichwa ni oringi ya mrija. Yakitokea pale tu unapochomeka kiunganishi, kagua oringi ya nje ya kichwa, na hapo ndipo grisi hufanya kazi kubwa kuliko kwingine kote, kwa kuwa ndiyo oringi pekee inayosuguliwa kila mara. Kuna uvujaji mmoja usioonekana kwa sabuni: oringi ya mrija wa bia ikichoka, gesi ya juu hupenya na kuingia kwenye bia inayopanda, na bomba likawa linatema povu kwa vipindi. Watu hushusha presha, hubadilisha mpira wa kumiminia, na shida inabaki palepale.

Kwa oringi ya silikoni ya kifuniko, ilowanishe tu kwa dawa ya kutakasa na uifunge ingali mbichi. Ni laini vya kutosha kuziba yenyewe, ila hupitisha hewa zaidi kuliko nitrili na EPDM. Bia itakayokaa miezi haifai kuwekwa chini yake.